Barua ya wazi kwa wakubwa wa chuo: msituambie tujikaze, tufundisheni kukaa na mtu anayelia

Kwa Mama Mshauri wa Wanafunzi, kwa matroni na mapatroni wa hosteli, kwa ofisi ya taaluma, na kwa nyie mawaziri wa serikali ya wanafunzi maana na nyie mna sehemu yenu humu, msijifiche nyuma ya wakubwa.

Shikamooni.

Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma ualimu, nakaa hosteli ya wasichana, na tangu mwaka jana ni mwelimisha rika. Yaani ni mmoja wa wale mliotuita Jumamosi moja kwenye ukumbi, mkatupa soda na keki, mkatufundisha kuanzia saa tatu mpaka saa nane, mkatugawia tisheti, tukapiga picha, basi. Kuanzia Jumatatu yake mtu akilia bloku nzima wanasema muiteni yule wa tisheti. Chuo chenyewe sikitaji, wenyewe mnajijua, na nikiongea na wenzangu wa vyuo vingine naona habari ni zilezile kwa hiyo hata kukitaja haisaidii kitu.

Nataka niwaambie kitu nilichofanya, sijawahi kukisema hadharani.

Ilikuwa wiki ya pili ya UE, ile mitihani ya mwisho wa semista, saa nne usiku hivi. Chumba chetu ni cha watu wanne ila kimahesabu tulikuwa sita maana wawili wanabebwa, yaani hawakupata chumba wanalala kwetu, mnajua na msijifanye hamjui. Mmoja anapiga pasi juu ya godoro, mwingine kaziba masikio anakariri nondo zake, feni inapiga kelele. Simu ya rumeti wangu ikaita, kaka yake. Akasikiliza, akasema "eeh", akasema tena "eeh", akakata akaiweka ile simu kitandani taratibu kama anaweka yai, akasema baba kafariki. Halafu akaanza kukunja khanga. Ile khanga ilikuwa imeshakunjwa, akaikunjua akaikunja tena, akaikunjua tena, hakuna aliyepumua.

Na mimi, mwenye tisheti, nikachukua ndoo. Nikasema naenda kuchota maji mara moja. Maji ndani yalikuwepo, dumu la lita ishirini limejaa na ndoo nyingine kando yake, kila mtu anaona. Nikashuka ngazi, nikafungua bomba, ndoo ikajaa ikafurika, nikaimwaga, nikaijaza tena. Nilikaa bombani dakika arobaini. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, na kichwani sikuwa namuwaza rumeti wangu hata kidogo, nilikuwa namuwaza baba yangu mimi, ana presha, na simu yangu niliiacha juu, na je kama na mimi napigiwa muda huu.

Nilipopanda nilimkuta rumeti kakaa na mbebwa wetu, yule wa mwaka wa kwanza anayelala chini. Huyu binti mnamjua wakubwa, alishaitwa ofisini mara mbili kwa kugombana, ana mdomo kama pilipili kichaa, nusu ya bloku hawasalimiani naye, wala hakuna mtu angemchagua kuwa mwelimisha rika. Kakaa kitandani bega kwa bega na mwenzie, hasemi kazi ya Mungu haina makosa, hasemi jikaze, hasemi yuko mahali pema. Anauliza vitu vidogo vidogo, "Unataka tuondoke usiku huu au alfajiri? Nani mwingine wa kumpigia? Una shilingi ngapi kwenye simu? Keshokutwa una pepa gani?" Kaandika nyuma ya karatasi ya koswek. Akimaliza kuuliza anakaa kimya. Mwenzie akilia anamwacha alie. Mwenzie akisema hajali tena kuhusu mitihani, habishi. Baadae saa nane usiku nilimsikia mwenyewe kaenda koridoni analia kwa sauti ya chini, kakaa huko kama robo saa, kaenda kunawa uso, karudi.

Siku nyingine nikamuuliza we uliwezaje. Akanijibu hivi, "Dada, na mimi niliogopa. Ila mi nimemuuguza bibi yangu miaka miwili nyumbani, nikajua nikianza kutetemeka inabidi niuambie ule woga kaa hapo kwanza, nitakuja kukuona baadae. Na kweli huwa naenda kuuona, nisipoenda unanifuata."

Wakubwa, mi hiyo sentensi nimeisoma kwa lugha nyingine darasani semista nzima na sikuielewa mpaka aliposema yeye.

Kwenye saikolojia ya elimu tunafundishwa habari za mama mmoja wa Marekani anaitwa Nancy Eisenberg, kafanya kazi miaka mingi juu ya watoto na vijana wanaosaidia wenzao. Anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi huku mtaani tunavichanganya tunaviita vyote huruma. Kuna kuumia kwa ajili ya mwenzio, macho yako yako kwake, unataka yeye apate nafuu. Na kuna kuumia wewe mwenyewe kwa sababu ya kumwona yeye, unazidiwa, unachotaka ni wewe upate nafuu, na njia rahisi ya kupata nafuu ni kuondoka. Wote wawili wana moyo laini, tena huyo wa pili pengine ndio laini zaidi. Tofauti ni kwamba wa kwanza anaweza kuushika moyo wake usimkimbize. Mi nilikuwa wa pili. Ndoo yangu ilikuwa ni kuondoka kwenye heshima.

Sasa ndio nakuja kwenye ugomvi wangu na nyie.

Kila orientesheni, kila kikao cha hosteli, kila mtu akifiwa au akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, au boom la mkopo likichelewa, neno mnalotupa ni moja, jikazeni. Jikazeni kisabuni. Nyie ni watu wazima sasa. Wavulana ndio kabisa, kwao ni kufa na tai shingoni, mtu ana sapu tatu, mitihani ya kurudia, na demu kamuacha na nyumbani wanamdai ada ya mdogo wake na bado anacheka kafteria anawapiga watu mabega. Mnatuona tumenyooka mnasema hawa vijana wamekomaa. Na mnadhani, sijui nani aliwaambia, kwamba mtu aliyeweza kumeza vyake ndio atakuwa imara kubeba vya wenzie.

Haiendi hivyo. Kuna watafiti wawili wa saikolojia, James Gross na Oliver John, 2003 walitoa dodoso fupi tu la maswali 10, lilijaribiwa kwa wanafunzi wa vyuo kama sisi. Maswali 6 yanauliza kama huwa unalitazama jambo upya mpaka likubadilikie kichwani, mengine 4 yanauliza kama huwa unameza, unahisi ila huonyeshi. Wale wa kutazama upya walikuwa wanawaambia wenzao yaliyo moyoni na walikuwa karibu zaidi na watu. Wale wa kumeza walikuwa mbali na watu, na wenyewe walijiona kama wanaigiza. Na kumeza hakupunguzi maumivu kwa ndani, unaficha sura tu, mwili unaendelea kuchemka. Kuna utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa Emily Butler na wenzake, waliwakutanisha wanawake wawiliwawili wasiojuana, wakawaonyesha filamu ya kuhuzunisha kisha wakaambiwa waiongelee, ila mmoja akaambiwa kimyakimya asionyeshe anachohisi. Presha ikapanda hata kwa yule mwingine ambaye hakuambiwa chochote! Hebu fikirieni maana yake kwa mtu kafiwa, anakuja kwangu mwenye tisheti, nimekaza uso kama askari wa getini ili nionekane imara, kumbe namuongezea mzigo.

Kwa hiyo mtu mnayemsifia kakomaa, mara nyingi ndio yule atakayechukua ndoo.

Nisiseme wote. Wapo waliokaza wakasaidia hivyohivyo, mama zetu wengi wamefanya hivyo maisha yao yote, ila wakubwa mkiwauliza usiku miguu inawauma wapi mtapata majibu marefu.

Na sio kwamba vijana wa siku hizi hawasaidiani, hiyo kauli huwa inanikera kuliko zote. Nani anawabeba hao wasiopata chumba? Sisi. Kitanda cha futi mbili na nusu watu wawili mzungu wa nne, mmoja kichwa huku mwingine kule. Mtu boom lake halijaingia anakula kwa nani? Msosi wa sahani moja vijiko vitatu. CR, mwakilishi wa darasa letu, amekusanya rambirambi mara tano mwaka jana kwenye simu yake, elfu moja moja, mia tano mia tano, anaandika majina mpaka usiku wa manane na watu wanamtukana kwamba kala hela. Mwezi wa sita aliandika kwenye grupu saa nane usiku "naombeni mnitafutie mbadala" akaleft. Asubuhi watu wanacheka wanaweka stika. Hakuna aliyemfuata chumbani kwake, mimi wa kwanza.

Huyo hakukosa moyo. Kaishiwa. Na hakuna aliyemwonyesha kwamba kuishiwa kunakuja na dalili zake, na kwamba unaruhusiwa kusema nipokeeni kabla hujadondosha.

Halafu kuna hili la haraka, hapa ofisi ya taaluma naomba wasogee karibu. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walitoa utafiti walioufanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wanaosomea uchungaji. Waliwatuma jengo la pili kwenda kutoa hotuba, wengine hotuba yenyewe ilikuwa juu ya Msamaria Mwema kabisa, na njiani wakamweka mtu kajikunyata mlangoni anakohoa anagugumia. Wale walioambiwa una muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kusaidia. Walioambiwa umechelewa wanakusubiri, asilimia 10. Wachungaji watarajiwa, Msamaria yuko mdomoni, wanapita! Mi sisemi kwamba haraka inaua moyo wa mtu, ila inamfanya hata asione kuna nini mlangoni. Sasa nyie mnatupangia pepa mbili siku moja, asubuhi na mchana, ratiba ya UE inabadilishwa usiku kwenye ubao, halafu mnashangaa mtu kakaa wiki nzima chumbani hali wala haendi kupepa na wenzie watatu wa chumba wanasema "tulidhani anapiga msuli wa kusoma".

Turudi kwa rumeti wangu maana hadithi haikuishia pale. Aliondoka basi la alfajiri. Fomu ya kuahirisha mtihani akaachiwa yule mbebwa aihangaikie. Saini tano. Mkuu wa idara yuko kwenye kikao, msaidizi wake anasema bila kibali cha mazishi hapokei, mazishi yenyewe kesho, kibali kiko kijijini mfukoni kwa baba mdogo ambaye simu yake ni ya tochi. Siku tatu binti anapanda anashuka ngazi za utawala. Saini ya tano ilipatikana, tunashukuru. Ila yeye mwenyewe pepa yake ya Alhamisi aliiingia hajalala, akapata sapu. Nilimwambia akaeleze ofisini kilichotokea. Akasema, "Nikaeleze nini, kwamba nilikuwa namsaidia mtu? Na wataniuliza kwanza nalala chumba gani."

Hapo mi nilikaa kimya, kwa sababu ni kweli wangemuuliza.

Mama Mshauri, wewe sina ugomvi nawe binafsi, ulishawahi kunipa nauli na sijasahau. Ila uko mmoja. Chumba cha ushauri kiko kati ya dirisha la mhasibu na ofisi ya hosteli, mtu akiingia pale foleni nzima ya ada inamgeukia, akitoka macho mekundu habari inafika bloku kabla yeye hajafika. Na zaidi ya hapo mkono unaosaini barua ya kuitwa kamati ya nidhamu ndio huohuo unaonipa kitambaa nifute machozi. Nitakuambiaje kwamba nimeanza kunywa ili nilale? Nitakuambiaje kwamba aliyenisaidia ni mtu asiye na chumba? Tenganisheni hayo mambo mawili. Hata kama hamna hela ya kuajiri mtu, hamisheni mlango tu, ile stoo ya nyuma ya maktaba ina mlango unaotokea kwenye miti, imejaa viti vibovu.

Na sisi wa tisheti, mtufundishe upya jamani, na safari hii sio kwa Jumamosi moja. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani upo tangu 2011, kazi yenyewe wameiweka kwenye maneno matatu, tazama, sikiliza, unganisha, na mle ndani wameandika pia habari ya msaidiaji kujitunza yeye mwenyewe, ile sehemu ambayo kwenye semina yetu ilirukwa kwa sababu muda wa keki ulifika. Tunataka mazoezi. Mtu aigize kafiwa, mimi nikae mbele yake, nitetemeke hapo, nijue kutetemeka kwangu kunaanzia wapi, kwangu kunaanzia tumboni sasa hivi najua. Nijifunze kutaja ninachohisi kwa jina lake, woga niuite woga nisiuite kazi ya kuchota maji. Nijifunze kulitazama jambo upya, kwamba kilio cha mtu sio swali ambalo lazima nilijibu usiku huohuo. Na nijifunze mwisho wangu uko wapi, mtu akianza kuongelea kutaka kufa sio la kwangu na soda yangu, nimfikishe kwa mwenye ujuzi, ila basi nionyesheni huyo mwenye ujuzi saa tano usiku anapatikana wapi, maana namba mliyotupa inaita mpaka inakata.

Mtasema bajeti. Sawa. Harare kule Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda 2006 alianza na bibi 14 tu, mtaa wa Mbare, bibi wa kawaida wa mtaani, wakafundishwa, wakawekewa benchi nje ya zahanati, watu wanakuja wanakaa wanaongea. Wagonjwa wenyewe ule ugonjwa wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, si ndio sisi huku tunasema fulani anawaza sana. Mwaka 2016 matokeo yalitoka kwenye jarida la JAMA, waliopitia kwa bibi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Ila msichukue nusu ya habari. Wale bibi hawakupewa tisheti wakaachwa, wana watu wanaowafuatilia na wana wenzao wa kuongea nao wakizidiwa. Bibi akishamsikiliza mtu, na yeye anasikilizwa.

Benchi sisi tunazo tayari. Vimbweta vimejaa chuo kizima, vya zege, hata mvua haiviharibu.

Kwa serikali ya wanafunzi nina moja fupi, ile hela ya bonanza mliyobakiza, na najua mmebakiza maana waziri mmoja kaniambia, iwe vocha na nauli za waelimisha rika na ya kumsindikiza mtu hospitali usiku. Na mtafuteni yule CR.

Kwa ofisi ya taaluma, fomu ya msiba iwe na saini moja, kibali kifuate baada ya mazishi, na aliyetumwa kumhangaikia mwenzie apewe karatasi ya kuonyesha alikuwa wapi. Kwa matroni, mama yangu, najua kazi yako kuhesabu vichwa, ila usiku wa msiba usihesabu.

Rumeti wangu alirudi baada ya siku kumi, kanyoa, kapungua. Nilimuomba msamaha wa ile ndoo. Akaniambia alinisikia kule chini nikifungua na kufunga bomba, na alijua. Hakuniambia si kitu, aliniambia tu, "Siku ya arobaini unanisindikiza." Nilimsindikiza, masaa tisa kwenye basi, nikatetemeka kuanzia stendi mpaka kwao, na sikushuka.

Sisi watano tumeshaanza wenyewe, wa tisheti wanne na yule mbebwa ambaye hana tisheti na ndiye anayetufundisha. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, kimbweta cha nyuma ya maktaba chini ya mwarobaini, tunaambiana wiki hii nani kakuelemea na wewe umelala saa ngapi. Mama Mshauri karibu sana, njoo bila faili, na usimuulize mtu yeyote analala chumba gani.